Kaimu Mukama wa Rugu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepata cheo! Mzee Kashaija, anayeigiza Mukama, yaani mfalme, katika kikundi chetu cha ngoma hapa Rugu, amekwenda Bukoba kutibiwa macho. Ameniachia nafasi yake mpaka arudi. Nimewatangazia wanakikundi kwamba mimi sasa ni Kaimu Mukama. Celestina, kiongozi wa wachezaji, akauliza kama cheo hicho kinakama ng'ombe. Wivu mtupu.

Jumatano, 4 Juni
Amri ya kwanza: wote waniamkie shikamoo, bila kujali umri. Yustus, mpiga ngoma wetu, amekataa. Ana miaka sabini. Amesema alinibeba mgongoni, kamasi zikimchuruzikia shingoni. Mbele ya watu! Nikamfukuza papo hapo. Akaondoka na ngoma. Kumbe zote ni zake.

Ijumaa, 6 Juni
Kesho tunacheza harusini Kibingo. Ngoma hatuna. Celestina amenisihi nikamwombe Yustus radhi. Nimemjibu kwamba utawala hauombi radhi.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu! Bwana harusi alipotoka kuwapokea wajomba zake, nikakalia kiti chake, ubavuni mwa bibi harusi, ili nionekane. Nikampa mshereheshaji kikaratasi: KAIMU. Akakisoma, akatazama kiti, akashika kipaza sauti: "Tumpokee kaimu bwana harusi!"

Shangazi wanne wakasimama. Mmoja ana mwiko! Nikajibanza nyuma ya keki. Celestina akapaza wimbo, watu wakageuka. Mara ngoma ikalia. Yustus! Celestina alikuwa amekwenda kumbembeleza alfajiri, bila kuniambia. Watu walicheza mpaka turubai likatikisika. Hata shangazi wa mwiko.

Nikamwendea mzee Yustus, nikapiga goti, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, vaa njuga ucheze." Machozi yalinitoka. Nikacheza.

Jumanne, 10 Juni
Mzee Kashaija amerudi. Anaona vizuri, na habari zote amezipata. Kaimu wake sasa ni Celestina. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Cheo ni nini? Nimejifunza unyenyekevu.

Ila mwezi ujao Celestina anakwenda Biharamulo kumsalimia dada yake. Wiki mbili nzima! Nafasi nyeti kama ile haiwezi kubaki wazi. Mchana nimepita kwa fundi, nikapimwa kanzu ya Kaimu wa Kaimu.