Mfalme wa Kitabuni Kaunguza Wali

Asubuhi redio ilitangaza kwamba Wamarekani wamekanyaga mwezi, na hata kufika alasiri, pale barazani Mkunazini, watu walikuwa wameshaukanyaga wote, kaskazi na kusi.

"Mwezi upi?" aliuliza Silima, mpagazi wa bandarini ambaye kwa mabega yale walimwita Winchi. "Huu huu tunaoungoja kila Ramadhani?"

"Kwani una mwengine umeuficha kwako?" Jecha alimjibu. Huyu ndiye waliyempa jina la Redio. Habari ikimwingia haimlali tumboni. "Wameteremka, wametembea, wameokota mawe."

"Mwendo wote ule kuokota mawe! Si wangekwenda Bwejuu, mawe tele na papo kwa papo?"

Kusikia Bwejuu, Machano alipaliwa na kahawa.

Na alikuwa na haki ya kupaliwa. Machano, fundi cherehani wa Darajani, hakuja pale kwa ajili ya mwezi. Alikuja kumchukua mkewe. Biasha alikuwa ghorofani, nyumba hiyo hiyo iliyo juu ya baraza, kwa shangazi yake Bi Kidawa, tangu Ijumaa hajamwambia mumewe hata neno moja, na kesho asubuhi anapanda gari ya shamba kurudi Bwejuu kwa mama yake. Njia nzima kutoka Darajani Machano alijipanga: nnafika, nnapiga hodi, nnapanda, nnasema. Akafika, akawakuta wenziwe wamekaa mbele ya mlango. Angewapitaje, mwanamme mzima, anakwenda kumbembeleza mke? Akakaa, akaomba kahawa.

"Kisayansi," alisema Muhiddin, karani wa serikali ambaye hata mvua akiiona huisemea kisayansi, "mtu akishafika mwezini, kilichobaki ni kurudi zamani tu."

"Zamani wameshafika!" Redio alidakia, jicho kwa Machano. "Wanawake wa mtaa huu wanakwenda kila siku alasiri, nauli yao kitabu. Yule jirani Mgoa aliyehama kamwachia Bi Kidawa riwaya ya Kizungu, naye anawasomea na kuwafasiria. Msichana muuguzi wa huko Ulaya kaingia ghala la hospitali kutafuta blanketi. Kutoka, anakuta miaka mia mbili imerudi nyuma! Ngome, farasi, na mfalme anamwangalia."

"Blanketi je, kalipata?" aliuliza Silima.

"Blanketi la nini tena, yakhe? Kampata mfalme!"

Walicheka mpaka muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Machano naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mcheke tu," alisema. "Mimi mfalme huyo kaniunguzia wali. Foleni nimesimama tangu alfajiri, mchele wenyewe wa kupimiwa kwa kibaba. Nnarudi kutoka kazini, nnasikia harufu tangu kichochoroni. Mwanamke kajiinamia jikoni, machozi yanamtoka. Nikadhani moshi. Kumbe anamlilia yule muuguzi wa kitabuni, kashikwa mkono na mfalme!"

"Ukamwambiaje?"

Machano aliinamia kikombe. Alichomwambia alikisema mlangoni, majirani wanasikia: nenda basi ukaolewe na huyo mfalme wako wa kitabuni. Usiku ule ule alijuta. Lakini majuto ya usiku, kukicha yakikuta watu barazani, hujifanya hayamjui mwenyewe.

"Mimi hata siwalaumu," Muhiddin alisema, akijinyoosha kanzu. "Kisayansi, nami ningerudi zamani. Ningekaa katika jumba la mfalme, karani mkuu, kalamu ya fedha, natandikiwa zulia..." Hapo aliukumbuka mwaka wenyewe tulio nao, wa sita tangu mfalme wa hapa apinduliwe, akatazama huku na huku kichochoroni. "Mfalme wa Ulaya, lakini. Si wa hapa. Nyinyi mashahidi."

"Tumeshuhudia," alisema Redio, naye keshaanza kusogea pembeni.

Silima aliweka kikombe chini. "Hebu nkuulize, Karani. Kwa nini kila anayerudi zamani anaangukia ghorofani? Haangukii mtu jikoni? Haangukii shambani, juu ya mkarafuu, msimamizi yuko chini na bakora? Mwaka wa mapinduzi kila mtu hapa babu yake alikuwa mnyonge. Leo kwenye ndoto, nyote mmelala kwenye zulia!"

"Ni riwaya, bwana..."

"Riwaya! Mimi nikipita ghala hilo, miaka mia mbili nyuma, nnakwambia wallahi, sitoki na mfalme. Nnatoka na mnyororo shingoni, na wewe na kalamu yako ya fedha ndiye unayeniandika!"

Muhiddin alianza kuikunja kanzu aliyoinyoosha.

"Ndiyo maana nasema," Machano alirukia, kwa kuwa maneno yale yalimtisha, na mtu mwenye khofu husema asilolitaka, "wanawake hawana wanalolijua. Farasi tu na upanga! Kwangu mimi Biasha na aende. Aende Bwejuu, aende zamani, aende mwezini akaokote mawe. Mimi simfuati mtu."

Sasa, jambo moja wanaume hawa wamelisahau, na wanalisahau kila siku ya Mungu. Hukaa chini ya madirisha ya watu, wakasema kwa sauti za kunadi samaki, wakadhani juu wanakaa popo. Bi Kidawa kitabu alikuwa keshakifunga zamani. Tangu pale kwenye harufu ya wali, wanawake wote walikuwa wamejibanza dirishani wanawasikiliza hawa.

Ubao wa dirisha ukasukumwa.

"Shangazi," ilisikika sauti ya Biasha, polepole, kila neno na nafasi yake. "Yule wa kitabuni kaacha ngome, kaacha farasi, anataka kuvuka miaka mia mbili asiyoijua kumfuata mwenziwe aliyerudi kwao. Kuna mwengine katoka Darajani hapo, kafika barazani, kahawa ikamshinda kuivuka."

Juu waliangua kicheko. Chini pia, Silima alijipiga paja mpaka likalia. Machano aliona aibu, aibu ya kweli. Lakini chini ya aibu ile alimkuta Biasha, na nyumba ilivyomchukiza tangu aondoke, na chai yake ya rangi anayokunywa anatazama ukuta. Akainuka, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu hugeuza njia, na hakuna mtu wa Unguja asiyelijua hilo.

"Tatu hizo, yakhe!" Redio alimwita. "Rudi, kahawa inapoa."

Machano alijua kwamba lolote atakalolifanya sasa, ikifika magharibi Darajani nzima italijua. Akashika mwimo wa mlango.

"Hodi, Biasha! Wali si kitu. Ulimi wangu ndio ulioungua. Nimekosa, rudi nyumbani, mke wangu."

"Astaghfirullah!" Muhiddin aliruka. "Mbele za watu!"

Juu hapakucheka mtu. Kisha Biasha akasema, na mara hii hakumwambia shangazi yake:

"Kaa hapo kwenye ngazi, Machano. Ningoje. Tumebakisha kidogo, mfalme wa watu ndo kwanza anaingia ghalani."

Redio tayari alikuwa mbio anaelekea Darajani, kiatu kimoja mkononi. Muhiddin alikumbuka udhu. Silima alilipa kahawa ya wote, akaondoka anatikisa kichwa. Machano akakaa kwenye ngazi ya chini, magoti kidevuni, anausikiza ukurasa unafunuliwa.

"Shikamoo, Bi Kidawa!" aliita baada ya kitambo. "Pandisha sauti kidogo, huku chini sisikii."