Insha Zilizonichotea Maji

Jumatatu, 14 Julai
Mguu wa kulia umevunjika, uko ndani ya hogo la plasta mpaka gotini. Yote kwa sababu ya penalti! Walimu dhidi ya wazazi. Mpira ukabaki palepale, mimi nikapiga jiwe lililokuwa nyuma yake. Mwalimu Kahigwa, mwenzangu wa Kiswahili, alicheka mpaka akakaa chini. Sasa anashika darasa langu, na anautaka ukuu wa idara ninaoutaka mimi. Mke wangu Josepha yuko Muleba kwa mama yake. Vyombo vimejaa karai. Bomba liko bondeni, mimi niko juu kwenye mawe ya Mkolani.

Jumanne, 15 Julai
Wazo! Nimempigia Madam Kokuberwa, mkuu wa shule. Nikakohoa kidogo. Nikaomba Kidato cha Pili waje kwangu jioni niwafundishe kuandika insha za maisha yao wenyewe. Kasema mimi ni mwalimu mwenye moyo. Sikubisha.

Jumatano, 16 Julai
Wamekuja. Nikawapa kanuni: usiandike usichokiishi. Mada: “Siku Niliyomhudumia Mgonjwa.” Kisha nikajinyoosha kwenye kochi, nikawa mgonjwa. Shimba kachota maji. Precious kafua. Revocatus kasema ana bibi mgonjwa nyumbani, angeandika juu ya huyo. Nikamweleza kwamba bibi ni mada ya shule ya msingi. Akaparua samaki.

Alhamisi, 17 Julai
Precious kalalamika insha yake haina hisia. Nikamwambia hisia huja kwa kusugua, nikampa sufuria ya ugali. Kahigwa kaja kunijulia hali, kawakuta wanapalilia mchicha. Kauliza hilo ni somo gani. Nikajibu: mandhari. Kaondoka akitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Ijumaa, 18 Julai
Kikao cha wazazi. Nimekwenda kwa bajaji, magongo kwapani, nikitarajia makofi. Kahigwa kapendekeza wanafunzi wasome insha zao. Nikaunga mkono! Mimi mwenyewe!

Precious akasimama. “Mgonjwa wetu hula samaki wawili na kuomba pilipili,” akasoma. “Akiongea na mkuu wa shule hukohoa, ingawa kilichovunjika ni mguu.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Nkwabi, baba yake Revocatus, hakucheka.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “mwanangu anamwacha bibi yake na kiu, anakuja kukuparulia sato?”

Nikakohoa.

Jumamosi, 19 Julai
Ukuu wa idara kapewa Kahigwa. Insha ya Precious inakwenda mashindano ya wilaya. Madam Kokuberwa kaniamuru niandike insha juu ya kosa langu na nilichojifunza, niisome mstarini Jumatatu, mbele ya shule nzima. Nimempigia Mzee Nkwabi kumwomba radhi. Kanisamehe haraka, kaniulizia mguu. Nimeona haya mpaka wakati wa chai.

Jumapili, 20 Julai
Nimekaa na karatasi tangu nitoke misa. Sentensi ya kwanza: “Mimi ni mtu mwema.” Ya pili imegoma kabisa. Majuto yanataka mtu mwenye miguu miwili.

Mchana nimempigia Precious. Kanipa shikamoo yake vizuri. Nikamsifu kipaji. Nikamwambia nina zoezi la kumkomaza kabla ya mashindano: aandike kama mwalimu mtu mzima anayejutia kosa. Kurasa mbili, machozi kidogo mwishoni, aniletee kesho kabla ya mstarini.

Kakubali. Ila kasema atamuuliza kwanza Mwalimu Kahigwa kama mada hiyo huja kwenye mtihani.

Nikamwambia aulize tu. Mtoto mwangalifu sana yule. Leo nitalala vizuri.