Spika Mlangoni kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi ndiyo siku. Mjomba Sarpong ataongoza ukoo wetu kubisha hodi kwa Mzee Amankwaa, chupa ya kinywaji cha posa mkononi, kuniposea binti yake Serwaa. Habari mbaya: Barima naye anatuma watu wake siku hiyo hiyo. Barima muuza vipuri vya magari kule Suame, mwenye shingo nene na friza. Friza hiyo kampelekea Mama Dufie, mama yake Serwaa, na sasa mama huyo anamwita "mwanangu". Mzee kasema atasikiliza pande zote mbili, kisha Serwaa ataulizwa chupa ya nani ipokewe. Nimejibu mapigo. Nimemnunulia Mzee runinga ya inchi sabini na tano, spika tano, na moja ya besi. Mjomba anasema ukweni hupelekwa adabu, si mitambo. Mjomba mwenyewe ana redio iliyoshikizwa kwa waya.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwambia Mzee fundi wa nini wakati mimi nipo. Pimamaji sikuwa nayo, nikaweka bakuli la mchuzi wa karanga juu ya runinga. Mchuzi ulikaa sawasawa. Kumbe bakuli lenyewe limepinda. Ukuta nao ni mchanga mtupu, drili ilizama kama inatoboa ugali laini wa fufu. Bolti ya nne ikatokea upande wa pili, chumbani, kwenye picha ya harusi ya Mzee. Puani. Mama Dufie katundika kitambaa chake cha kichwa hapo, akasema angalau kimoja kimeshika. Runinga imeinama kushoto. Mzee akauliza kama inaangalia Accra. Nikamweleza kwamba ndivyo zinavyofungwa siku hizi. Akainamisha shingo kushoto.

Alhamisi, 6 Juni
Leo spika. Mbili za nyuma nimezifunga ubavuni mwa mlango wa mbele, nyuma ya kiti cha Mzee, ili sauti imzunguke. Tukaweka filamu ya Kitwi, lugha yetu. Shida ya filamu zetu ni kwamba watu wake hawaachi kutembeleana. Kila dakika tano kuna mgeni anapiga hodi: "Agoo!" Na sauti inatoka mlangoni kabisa. Mzee anamkaribisha, "Amee", anainuka na magoti yake mabovu, anafungua. Hakuna mtu. Mara kumi na moja! Mama Dufie kamimina maji ya wageni mpaka bilauri zikaisha. Serwaa akanivuta pembeni. "Kwadwo, nakuomba. Zitoe hizo spika mlangoni kabla ya Jumamosi." Nikamjibu kwamba kazi ya kitaalamu haichezewi.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee kaapa. Kuanzia leo haitikii agoo ya mtu yeyote. Mchungaji kasimama nje nusu saa akiita, Mzee anacheka tu na kumwambia mkewe kwamba mwigizaji huyu anaijua kazi. Furaha niliyo nayo! Watu wa Barima wanakuja saa tatu, sisi saa nne. Waache wakaangwe na jua hapo nje. Nimemletea Mzee filamu ya sehemu sita na kumshauri aongeze sauti.

Jumamosi, 8 Juni
Shangazi yake Barima hawezi ngazi za mbele. Wakapitia mlango wa jikoni. Saa tatu kamili walikuwa wameshakaa, wanakunywa maji. Haya nimeyajua baadaye.

Sisi tulisimama mlango wa mbele, nguo zetu za kente zimenyooka. Mjomba akaita agoo. Mlango haukufunguliwa. Akaita tena. Ndani Mzee akacheka: "Huyo tena. Leo sidanganyiki." Nikampigia Serwaa simu, hakuisikia. Spika zangu ni nzuri kweli. Nikapendekeza tuzunguke jikoni, Mjomba akasema ukoo wetu hauposi kwenye masufuria. Akakohoa, akaita mara ya tatu kwa heshima zote. Hapo spika ya kulia, ng'ambo ya ukuta, shubiri moja kutoka sikioni mwake, ikanguruma: "Tokeni hapa, ukoo wa wezi wa kuku! Binti yangu hamumpati!"

Mjomba akatia chupa kwapani, akaondoka. Nilimkimbilia kumweleza kwamba ni runinga. Akauliza runinga imejuaje habari za babu yetu.

Jumapili, 9 Juni
Serwaa kaja baada ya kanisa, macho mekundu. Jana baba yake alimuuliza mbele ya watu kama chupa ya Barima ipokewe. Kaulizwa mara tatu, kanyamaza mara tatu. Kisha akaomba wiki moja. Kwa ajili yangu! Nampenda mwanamke huyu mpaka naumwa. Anataka mambo mawili tu, na kayasema polepole, kidole kimoja kimoja: nitoe spika mlangoni, nimrudishe Mjomba. Nimeahidi. Mjomba nimempigia magoti, kakubali turudi Jumamosi.

Halafu nikakaa, nikafikiri. Spika hazina kosa, zitabaki pale pale. Kosa ni kwamba Mjomba hakusikika! Nimeshaongea na jamaa anayekodisha spika za msibani, zile ndefu kama mlango. Ataleta nane, pamoja na kipaza sauti. Ijumaa anazipanga getini, zikiielekea nyumba. Serwaa sijamwambia. Nataka ashtukie tu.