Miguu ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Nimeondolewa kikosini! Mtaalamu wa tiba ya viungo wa timu, tunayemwita Mama Magoti, kanitazama nikiruka kupiga mpira wa wavu, akatikisa kichwa. Eti nikitua, magoti yangu yanaingia ndani, na iko siku kano ya goti itachanika. Dawa yake: niruke kutoka kwenye boksi, nitue polepole, magoti yaelekee vidole vya miguu. Wiki tatu! Mechi ni Jumamosi. Kutoka dirisha la darasa nauona uwanja. Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Mama Magoti kalegeza. Akiona video yangu nikitua vizuri mara kumi, ataongea na kocha. Nimetua mara mbili, nikachoka. Kuruka bila mpira! Nani aliwahi kushangilia boksi? Wenzangu walikuwa wanapiga kelele uwanjani. Nikataka kulia. Sawa, nililia.

Jumatano, 5 Machi
Akili imefunguka! Mdogo wangu, mchezaji wa timu ya wadogo, ana miguu kama yangu. Nimemrekodi kuanzia kiunoni kwenda chini. Katua mara kumi, hata paka hakushtuka. Akauliza mbona kichwa chake hakimo. Nikasema simu ni mbovu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewatumia video Mama Magoti na kocha. Wamefurahi mno! Kocha anasema hajawahi kuona kutua kwa namna ile. Ila kesho nirudie mbele yao.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipanda boksi. Nikaruka. Magoti yakasalimiana. Mama Magoti akauliza, kwa upole wa kutisha, ile miguu ya kwenye video ni ya nani. Nikasema ni yangu, ya siku nyingine. Mdogo wangu, aliyekuja kuniangalia, akanyoosha mkono. Msaliti! Kocha akamuuliza kama kesho ana nafasi. Mimi naanza upya.

Jumamosi, 8 Machi
Mdogo wangu kavaa jezi yangu, namba tisa. Inamfika mapajani. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuwa pale, hata dakika moja.
Jioni akanifuata na boksi. Akasema, dada, twende tufanye wote, atanihesabia. Nikamwambia nimechoka, labda siku nyingine. Kisha nikakimbia kwa fundi cherehani kuuliza kama anashona bukta pana, za kufunika magoti kabisa. Kasema Jumatatu zitakuwa tayari.