Mafuriko ya Mto Birika

Jumatatu, 9 Juni

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama aliyekuzaa, lifunge. Ukishindwa kulifunga, soma kwa macho tu, midomo isicheze. Nina sofa la kulalia ambalo si langu na kazi ambayo bado si yangu. Neno moja likitoka humu, vyote vimekwenda.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari. Niko kwenye majaribio. Ijumaa Mkuu wa shule ataamua kama nithibitishwe kazini au nirudishe funguo. Kila asubuhi shemeji yangu, mwenye sofa, ananiuliza kama tayari. Nikijibu bado, analitazama sofa kwa huruma. Huruma ni ya sofa.

Leo mwalimu wa jiografia ameniletea karatasi za kuchapa, marudio ya darasa la mtihani. Visa vitano: volkano, ukame, bandari, mji uliokua haraka, mafuriko. Yeye anaviita uchunguzi kifani. Akanifafanulia polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji: tukio moja la kweli, mahali penye jina, sababu, athari, hatua zilizochukuliwa, takwimu. Mwanafunzi akiandika kwamba mto fulani ulifurika, hapati kitu. Fulani, alisema, hajawahi kupewa alama na msahihishaji yeyote.

Nikasema sawa, mwalimu. Nikajimiminia chai ya kutuliza moyo. Kiwiko kikaligonga birika. Birika likalala.

Ukame umepona. Volkano imepona. Mafuriko yamefurika! Ukurasa mzima umekuwa rangi ya chai, hakuna neno linalosomeka.

Ningeweza kwenda kumwambia. Nilisimama. Nikakaa.

Nimeandika mafuriko mapya. Mto nimeuita Birika, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele yangu. Mengine nimeyatoa dirishani: mtaro wa nyuma ya ofisi, unaopita chini ya njia ndani ya kalavati la zege. Nimeukuza tu. Sababu ya asili: mvua kubwa. Sababu ya kibinadamu: watu kusukumiza vitu kwenye kalavati. Athari: ofisi na maghala kujaa maji, kaya 1,247 kuhama. Namba za mviringo zinanuka uongo, kwa hiyo sikutia hata moja.

Kwa kweli kisa changu kimetoka vizuri kuliko vile vinne.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu alisoma nakala akiwa amesimama mlangoni. Nilishika meza. Alipofika kwenye Birika akaguna. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye soksi. Akasema kisa hiki ndicho anachokipenda, amekifundisha miaka yote, na kwamba vijana wa leo hawaijui mito yao.

Nikazipanga upya nakala ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Mtunza maktaba naye akaja kuchungulia. Huyu anaitaka ofisi yangu kwa ajili ya dirisha. Maktaba yake ina tundu tu. Huniita Profesa wa Mihuri. Akauliza huo Mto Birika uko wapi. Kabla sijafungua mdomo mwalimu akamshangaa: mtu mzima, tena wa vitabu, hujui Birika? Mtunza maktaba akakohoa. Akasema ala, Birika, alikuwa hakusikia vizuri. Aliwahi kuuvuka akiwa mdogo, maji yakimfika hapa. Akaonyesha kiunoni.

Nilikaribia kumwamini.

Mchana akaja kiranja wa darasa la mtihani. Msichana mpole, macho kama ya mkaguzi. Alisema, shikamoo karani, nina shida ndogo. Anataka kuchora ramani ya mto huo, kwa sababu ramani huongeza alama, lakini hauoni kwenye kitabu chake. Nilimwambia mwanangu, mito mingine ina aibu. Hakucheka. Akaenda kwa mwalimu. Mwalimu kasema kesho mchana darasa zima litaingia maktaba kuutafuta kwenye atlasi.

Darasa zima! Na atlasi zote kumi na mbili!

Jumatano, 11 Juni

Hatua imechukuliwa. Ufunguo wa akiba wa kabati la maktaba uko kwangu kikazi. Nilifika kabla ya kengele, nikazitoa atlasi zote. Dunia ni nzito. Nikazifunga kwenye nailoni, nikazitia kwenye gunia, nikalifunga gunia kwa utepe mwekundu wa mafaili, fundo juu ya fundo, kama dada alivyonifundisha kufunga mizigo. Nikalisukuma ndani ya kalavati. Kiangazi hiki hakuna wingu hata la kuazima. Hakuna mahali pakavu zaidi katika shule nzima.

Mchana darasa likaingia maktaba. Kabati tupu. Mtunza maktaba aligeuka rangi ya majivu. Mkuu akaitwa. Mkuu hafoki, na hilo ndilo linalotisha. Alimwambia atlasi zionekane kufikia Ijumaa, la sivyo yeye na maktaba wataachana.

Kwa hiyo Ijumaa ni yetu sote wawili sasa.

Nilitarajia kufurahi. Nilimkuta mtunza maktaba kwenye ngazi, kainamisha kichwa. Hakuniita Profesa. Aliniuliza, ndugu yangu, wewe una funguo, hebu nisaidie kufikiri, nani angeiba ramani? Nikamwambia labda msafiri.

Najichukia kidogo. Nimeamua: kesho mchana, wote wakiwa kwenye chakula, nitazirudisha, nimwambie azitafute tena, na nitaonekana nina moyo mzuri.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua.

Si mvua, ni adhabu. Imeanza saa nne asubuhi, bila hodi. Kufikia saa tano mtaro haukuwa mtaro tena. Maji yalifika kwenye kalavati, yakakuta dunia nzima imekaa mlangoni, yakageuka, yakaja kwangu. Yaliingia ofisini kama wageni wa harusi. Ghala likajaa. Viatu vya Mkuu vikaelea kutoka chini ya meza yake hadi kwenye yangu, kimoja kimoja, kwa heshima.

Nilipanda juu ya kiti. Ndipo nikakumbuka niliyoyaandika Jumatatu. Sababu, athari, mpangilio, kila kitu! Kasoro kaya 1,247.

Kiranja alikunja sketi, akashuka mtaroni na jembe, wenzake wakimshika mkono. Alivuta, akavuta. Gunia likatoka, na maji yote yakaondoka kwa mkupuo mmoja, shule nzima ikipiga vigelegele. Atlasi kavu kabisa. Nailoni yangu ni nzuri.

Kisha Mkuu akaliangalia lile fundo. Mwalimu akaliangalia. Mtunza maktaba akaliangalia. Mafaili yote ya shule hii yamefungwa kwa utepe ule na fundo lile. Wakaniangalia mimi dirishani, bado niko juu ya kiti.

Mtunza maktaba alisema neno moja tu: Profesa!

Ijumaa, 13 Juni

Nilisema yote. Chai, birika, mto, gunia. Mkuu aliandika bila kuinua kichwa. Mwalimu akasema alijua tangu mwanzo kwamba mto huo haupo, alikuwa ananipima. Mtunza maktaba akasema hata yeye. Nilitaka kuuliza habari ya kiunoni.

Uamuzi: majaribio muhula mmoja zaidi. Nichote tope la ghala mwenyewe. Nimwombe radhi mtunza maktaba mbele ya walimu wote, na nimeomba. Alinipa mkono, akaubana mpaka vidole vikalia.

Lakini darasa limefurahi kupita kiasi. Wana uchunguzi kifani wao wenyewe, walioushuhudia kwa macho, na ramani wamepima kwa kamba. Kiranja alikuja ofisini na kalamu. Alisema karani, samahani, chini ya sababu za kibinadamu nimekuandika wewe. Ila mwalimu anataka na chanzo cha sababu. Kwa nini ulifanya?

Nilifikiri kumwambia uongo. Nikachoka ghafla. Nikasema niliogopa.

Akaandika: hofu. Akapiga mstari chini yake. Akaniambia pole, karani, kama mtu mkubwa. Akaondoka.

Nyumbani shemeji aliuliza. Nikamwambia muhula mmoja zaidi. Akalipapasa sofa, akaliambia vumilia.

Jumatatu, 16 Juni

Mwalimu ameleta kisa kipya nichape, ndicho kitakachosomwa na darasa la mtihani mwaka huu na miaka ijayo: Mafuriko ya Mtaro wa Shule. Mwandiko wa kiranja, safi. Birika nimeliweka chumba kingine. Nimekuwa mtu mpya.

Nimechapa mahali. Nimechapa athari. Nikafika kwenye sababu za kibinadamu: karani.

Miaka ijayo! Watoto ambao hawajazaliwa watanikariri!

Nimefuta neno moja tu. Nimeandika: mtunza maktaba, kwa kutobadili kufuli la kabati. Ukifikiri sana, si uongo. Nakala arobaini zimeshatoka, nimegawa. Rasimu ya kiranja haiwezi kubaki ofisini, lakini nimeipatia mahali. Lile kalavati limesafishwa vizuri mno, na anga ni jeupe.

Basi, wewe uliyefika hapa bila kutikisa midomo, ukinihitaji usiulize maktaba. Zunguka nyuma ya ofisi, dirisha la pili, ukohoe mara mbili kama mtu mwenye mafua. Usiite karani, ita jina lolote jingine, nitaitika. Na ukiona wingu, usijisumbue na dirisha. Nenda moja kwa moja mtaroni. Miguu itakayokuwa imechomoza kwenye kalavati ni yangu. Ivute.