Idara ya Kununua Bunduki ya Reino

Umma unatangaziwa kwamba Chama cha Wawindaji wa Otter Creek, katika kikao kilichofanyika jikoni kwangu mbele ya wajumbe wote watatu, kimeunda Idara ya Upatikanaji wa Bunduki kwa Njia ya Mnada wa Mtandaoni. Mimi, Elmer Ahola, nilichaguliwa kuwa Mkurugenzi bila kupingwa, kwa kuwa majina mengine sikuyaruhusu. Gust Niemi alipewa Ukatibu. Bernie LaFave, mwenye duka la vyuma na leseni pekee ya kuuza bunduki huku kwetu, akawa Mshauri wa Sheria, kwa sharti kwamba asishauri.

Idara ilikuwa na lengo moja. Raifoli ya marehemu kaka yangu Reino, ambayo aliibeba kuwinda kulungu kila Novemba tangu tukiwa vijana, ilikuwa imetokea kwenye tovuti ya mnada. Muuzaji alijificha nyuma ya jina la kubuni, kama ilivyo desturi ya huko, lakini picha ilionyesha bunduki imelazwa juu ya kitambaa cha meza chenye majogoo wekundu. Kitambaa hicho nilikinunua mimi, kikawa zawadi yangu ya harusi yao. Basi muuzaji alikuwa Doreen, mjane wa Reino, anayekaa ng'ambo ya barabara. Ukisimama kwenye sinki langu unaona dirisha la jiko lake. Gust, aliyekuwa akisuuza kikombe, alitoa taarifa kwamba bunduki yenyewe anaiona kwa macho.

"Si uvuke tu ukamwombe shemeji yako?" akauliza.

Nilimfafanulia kwa upole kwamba mambo hayaendi hivyo. Mnunuzi anayebisha hodi ameshaonyesha hamu, na mwenye hamu hukamuliwa. Nilitumia neno "mkakati" mara kadhaa. Sikumwambia kwamba tangu mazishi, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, sikuwa nimeingia nyumba ile. Kila nilipofika kwenye sanduku la barua la Doreen maneno yaliniisha, nikageuka na kujifanya nakagua mtaro. Hakuna mtaro uliokaguliwa kama ule wilaya nzima.

Na mnadani hapakuwa na huruma. Mtu mmoja wa Tennessee alikuwa ameshaweka dau. Akishinda, bunduki ingefungwa kwenye sanduku na kwenda zake, na Novemba tungeingia kambini hatuna Reino wala bunduki yake.

Awamu ya kwanza ilikuwa majadiliano na muuzaji. Mwongozo wa Idara unasema: ponda mali kabla hujaitaka. Nilijiandikisha kwa jina la Mnunuzi Makini, mkazi wa Ohio, nikaandika: "Muuzaji mpendwa, bunduki yako haina hadhi unayoipa. Kitako kina ufa mdogo nyuma, na kilengeo kimepinda kidogo kushoto. Fikiria upya bei."

Jibu lilikuja kahawa yangu ikiwa bado ya moto. "Asante, bwana wa Ohio. Ufa huo umeuonaje? Picha ni ya upande wa pili."

Idara haikutetereka. Nilimjibu kwamba mtaalamu hutambua kwa mkao tu kuwa bunduki iliwahi kudondoka, pengine kutoka kwenye ngazi ya kibanda cha kuwindia, pengine kwa sababu mdogo wa mwenye bunduki alipewa aishike kidogo na akashindwa.

Gust alisoma juu ya bega langu. "Mzee, hapo umemtumia na kitambulisho."

"Hizo ni taarifa za kitaalamu."

Doreen akaandika tena: "Mnajua mengi huko Ohio. Na mnakula vizuri?"

Mwongozo haukuwa na kifungu cha swali hilo. Mwishowe nikajibu kwamba tunakula, vya makopo zaidi.

Awamu ya pili ilikuwa muda, na hapa ndipo kipaji changu kilipo. Mjinga huweka dau mapema, kila mtu akamwona. Mtaalamu hukaa kimya siku zote za mnada, kisha huchomoka sekunde za mwisho kama mwizi wa kuku. Mnada ulipangwa kufungwa Jumapili alasiri. Tulikaa mbele ya kompyuta, Gust na darubini yake ya kuwindia dirishani akifuatilia hali ya bunduki, Bernie akinyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Mkurugenzi, kuna kitu kuhusu..."

"Mshauri hashauri."

Sekunde zikateremka. Nikabonyeza. Jina la Mnunuzi Makini likapanda juu, nami nikainua mikono kama nimeshinda uchaguzi. Kisha saa kwenye kioo ikaruka. Mnada ulikuwa umeongezewa dakika kumi na tano.

"Ndicho nilichotaka kusema," akasema Bernie. "Ukiweka dau dakika za mwisho, saa inaongezwa. Kila mara. Kila mtu anajua, Elmer. Mama yangu anajua."

"Waliweka kwa ajili ya nani sheria hiyo?"

"Kwa ajili yako."

Mtu wa Tennessee akapandisha dau. Idara ikasubiri tena hadi mwisho, kwa sababu Idara haibadilishi sera katikati ya operesheni, ikabonyeza, na saa ikaongezwa tena. Tennessee akapandisha.

"Krismasi itatukuta hapa," akasema Gust. Kisha akashusha darubini. "Mzee, anatupungia mkono."

Ujumbe ukaingia. "Bwana wa Ohio, vimkate vya pasti vilivyojaa nyama na viazi vimetoka motoni. Mwambie Gust aache kuniangalia kama kulungu. Wewe njoo, na upite mlango wa mbele."

Nilieleza kwamba mwaliko wa muuzaji katikati ya mnada unazua mgongano wa maslahi, na kwamba ni vyema tuunde kamati ndogo ya kuvuka barabara.

"Wanaotaka mkurugenzi avuke?" akauliza Gust. Mikono miwili ikapanda.

"Mkurugenzi ana haki ya kupinga kura."

"Nenda, bwana," akasema Bernie, tena taratibu. "Nenda tu."

Nikalipita sanduku la barua bila kutazama mtaro. Doreen alifungua mlango kabla sijabisha. Sweta la Reino lilikuwa limemmeza mpaka kwenye vidole.

"Kumbe Ohio ni karibu, shemeji."

"Shemeji, mimi nilikuwa..."

"Kaa kwanza."

Bunduki ilikuwa mezani juu ya majogoo, na kompyuta pembeni yake, saa ikihesabu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia anaiuza.

"Ningekuambia wapi? Mtaroni?" Akaniwekea sahani. "Nilijua unashinda kutwa kwenye tovuti ile, nikasema ataiona. Nikakaa hapa kungoja mtu abishe hodi. Akaja mtu wa Ohio kuniambia kilengeo kimepinda."

"Basi futa mnada."

"Sifuti. Yule wa Tennessee kaja na jina lake, kaweka dau lake kama mtu mzima. Na wewe kaa hapo uweke lako."

Nikaweka, kwa jina langu. Dakika kumi na tano zikaongezwa. Tukala.

"Hiyo habari ya ngazi," akasema Doreen, "ni kweli uliidondosha wewe?"

"Ni mimi."

"Maisha yake yote Reino aliniambia kaidondosha yeye."

Nilitazama sahani. Tennessee akapandisha. Nikapandisha, nikashukuru saa ilivyoruka. Kwa lugha ya Idara, nilikuwa nanunua muda. Doreen akauliza Reino aliniambia nini siku ile, nami nikamweleza: Reino alishuka ngazi, akaokota bunduki, akapuliza theluji kwenye mtutu, akasema baba asijue. Nikaendelea. Nikafika kwenye ile siku ya kuoga mvuke saunani, Reino alipokimbilia kisimani uchi akamkuta mchungaji na mkewe wamekuja kuomba mchango, akawakaribisha kwa heshima zote, ndoo ikiwa vazi lake. Doreen alicheka mpaka akavua miwani. Nilisimama kuigiza jinsi Reino alivyotoa mkono kuwasalimia, na tatizo la ndoo lililofuata.

Simu ikalia. Alikuwa Gust, akipiga kelele hata Doreen akamsikia. "Mkurugenzi! Umelala? Kapandisha tena na saa imeisha! Imekwenda Tennessee!"

Tukatazama kioo. Imekwenda kweli.

Doreen alinyoosha mkono, akakipapasa kitako cha bunduki pale kwenye ufa, akaurudisha mkono mapajani.

"Mtaalamu wa muda," akasema.

Ng'ambo ya barabara, vichwa viwili vilikuwa vimegandana kwenye dirisha langu.

"Waite na wao," akasema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Chakula kipo. Na huyo mchungaji hujaniambia alifanyaje."

Jioni ile Idara ilihamishia makao yake makuu ng'ambo ya barabara. Kikao kiliongozwa na Doreen. Mkurugenzi aliosha vyombo.