Mirihani Ifike Magotini

Wananchi wa Genova mnafahamishwa kwamba kuanzia majira haya ya machipuko, mirihani yote itakua. Maneno haya yalibandikwa kwenye kila ukuta wa mji, chini ya nembo ya Idara ya Ukuzaji Mirihani, na aliyeyabandika ni mimi, Oreste Ghigliotti, Afisa Mpimaji Mwandamizi. Gundi ilikuwa yangu mwenyewe.

Kabla ya hapo mji wetu ulikuwa na aibu kubwa ambayo hakuna aliyeiona. Wakulima wa Pra', kitongoji chetu cha vitalu, wanapanda mrihani, unachomoza, unapata majani manne au zaidi kidogo, laini kama sikio la mtoto, halafu wanaung'oa na mizizi yake, wanaufunga shada, unaenda sokoni. Hivyo hivyo tangu enzi za mababu. Mkurugenzi wetu, Daktari Amedeo Ravera, alipoliona jambo hilo kwa jicho la kiongozi, alikosa usingizi. "Dunia nzima inakua," alituambia kikaoni, "sisi tunang'oa watoto." Udaktari wake si wa hospitali, alisomea sheria za bandari. Lakini maono ni maono.

Basi ikapitishwa kwamba mrihani usivunwe mpaka ufike magotini. Magoti ya nani? Kamati ya Magoti ilikaa mara nyingi, ikanywa kahawa nyingi, ikaridhia magoti ya Mkurugenzi. Yakapimwa, ikachongwa fimbo, nikakabidhiwa mimi. Mkulima atakayeshindwa kuifikia fimbo, kitalu chake kitageuzwa maegesho ya magari. Magari ya idara yalikuwa yanapata tabu sana.

Watu walinung'unika. Huku kwetu kunung'unika ndiyo salamu, mtu hanunui hata mkate bila kunung'unika kwanza. Kwenye taarifa tuliyaandika manung'uniko hayo kama ushiriki wa wananchi, na ushiriki ulikuwa wa hali ya juu.

Kitalu cha kwanza kukaguliwa kilikuwa cha Bi Bice Traverso, kile cha vioo kilicho juu ya ukuta wa mawe, kinachotazama bahari. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya ubao uliopitishwa juu ya tuta, kama wafanyavyo wavunaji wote ili wasikanyage, anang'oa mche mmoja mmoja.

"Habari za kazi, Bi Bice."

"Kazi unayo wewe na fimbo yako," alijibu bila kugeuka. "Mimi nimejilalia tu."

"Mirihani yako imefika wapi?"

"Inafika sokoni, inafika mezani. Wewe ulitaka ifike wapi, Roma?"

Nikamsomea kanuni, kifungu kwa kifungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajiinua kwa viwiko.

"We Oreste, mimi nimekujua unavuta kamasi mtaani hapa. Hebu niambie, mrihani ukiachwa mpaka magotini unanuka nini?"

Nilijua jibu. Hakuna mtoto wa Genova asiyelijua. Ukikua mno unanuka nanaa, na mchuzi wetu wa kutwanga, pesto, ukishanuka nanaa, hata paka wa bandarini anaupita. Nikamjibu kwamba idara bado haijatoa msimamo kuhusu harufu.

"Hivi vioo alivipachika baba yangu, kimoja kimoja," alisema, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake. "Mkishaegesha magari yenu hapa, mimi asubuhi nitakuwa naamka niende wapi?"

Iliniuma, sitaficha. Lakini fimbo ilikuwa mkononi mwangu na saini ya Mkurugenzi ilikuwa juu ya fimbo. Nikamshauri aiache ikue.

Akaiacha. Wote wakaiacha. Kufikia katikati ya kiangazi mirihani ya Pra' ilikuwa na mashina magumu kama mpini wa mwiko na majani ya kufunikia sahani, na juu kabisa ikatoa maua. Maua hayakuwa kwenye mpango, tukayaita ziada. Wenye mikahawa walikuja kulalamika na sufuria zao mikononi. Tukawapa vyeti vya ushirikiano wakaondoka navyo, ingawa sufuria nyingine waliziacha kwa makusudi.

Mafanikio ya namna hiyo hayafichwi. Mkurugenzi akamwalika Waziri kutoka Roma, meza zikapangwa ndani ya kitalu cha Bi Bice, katikati ya ile mirihani mirefu. Kisha akatangaza kwamba pesto ya siku hiyo itatwangwa na mama yake mzazi mbele ya wageni. Mama Iolanda alikuja kwa gari la idara, amekipakata kinu chake cha marumaru njia nzima. Dereva alipotaka kumpokea, alimwambia ashike usukani wake.

Akaketishwa, akafungwa aproni, akawekewa rundo la rihani. Mama Iolanda akachuma jani moja, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Akaweka mchi chini.

"Amedeo, njoo hapa mwanangu."

"Mama, tuko mbele ya Waziri."

"Na yeye aje anuse."

Waziri akaja, akanusa kwa heshima zote. "Harufu nzuri sana," akasema. Ni mtu wa Roma, hatumlaumu.

"Hii nanaa," akasema Mama Iolanda. "Mimi sitwangi nanaa. Hii katwangeni wenyewe, mpigie mswaki."

"Mama, huu ndio ukuaji," Mkurugenzi akanong'ona, jasho likimtoka. "Hebu uone ulivyo mkubwa."

Mama akautazama mrihani. Kisha akamtazama mwanawe, kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kwenye tumbo lenye utepe wa heshima, akaishia usoni.

"Nimeona. Na wewe nilikuacha hivi hivi. Ulikuwa mtoto mzuri, Amedeo. Walitakiwa wakung'oe mapema, wakati bado una ladha."

Kisha Waziri akacheka. Kicheko cha Waziri ni agizo, tukacheka wote, mimi nikicheka kwa kiwango kinachoruhusiwa afisa mwandamizi.

"Bice," akaita Mama Iolanda, akijifuta machozi ya kucheka, "huna midogo hapa?"

"Ninayo. Tuta moja, nyuma ya hii mirefu. Afisa hakuchungulia."

Kwa taarifa rasmi, sikuchungulia. Nililigeuzia mgongo tuta hilo kila nilipokuja kupima.

Waziri alikula sahani tatu. Kabla kahawa haijaletwa alikuwa ameamua kwamba Daktari Ravera amekua kiasi ambacho Genova haimtoshi, akamhamishia kituo cha kuhesabu ndege wa pwani. Aling'olewa na mizizi yake yote, kiti, dereva na utepe. Kitalu cha Bi Bice kiko palepale, vioo vyote vizima, na yeye amelala juu ya ubao wake akinung'unika kuhusu jua. Idara haikufutwa, Mungu apishe mbali. Sasa inaitwa Idara ya Udhibiti wa Udogo wa Mirihani, mkurugenzi wake ni mimi, na fimbo imekatwa mpaka usawa wa kifundo cha mguu wangu. Matangazo mapya nimeyabandika. Gundi sasa inanunuliwa na serikali.

Wiki iliyopita Mama Iolanda alipita ofisini na shada la rihani changa, mizizi bado ina udongo. Hakukaa. Aliizunguka meza yangu mpya, akakibonyeza kiti changu kipya, kisha akainama, akaninusa begani.

"Bado," akamwambia katibu wangu. "Nitapita tena."

Tangu siku hiyo, mtu akibisha hodi, najinusa kwanza.